Kupinda kwa Mawimbi ya Redio Nyuma ya Mlima Meru: Ufafanuzi wa Kinadharia

1.0 Utangulizi

Mlima Meru una kimo cha takribani mita 4,560, ilhali Jiji la Arusha, kusini mwa mlima huo, lipo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400. Mawimbi yanayorushwa kutoka jijini kuelekea upande wa kaskazini hukingwa na mlima, lakini si kwa kiwango kimoja. Makala haya yanafafanua kwa nini mawimbi ya FM hupenya kivuli cha mlima kuliko mawimbi ya simu, na maana ya jambo hilo kwa upangaji wa minara.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Kwa mujibu wa kanuni ya Huygens, kila nukta ya uso wa wimbi ni chanzo cha wimbi dogo jipya. Ukingo unapoziba sehemu ya uso huo, mawimbi madogo ya sehemu iliyobaki wazi husambaa hadi nyuma ya kizuizi. Kwa hesabu ya Fresnel, jumla yake hutegemea kipimo kifuatacho:

v = h√[2(d₁ + d₂)/(λd₁d₂)]

ambapo h ni kimo cha ukingo juu ya mstari unaounganisha antena mbili, d₁ na d₂ ni umbali wa kila antena hadi ukingoni, na λ ni urefu wa wimbi. Ikiwa v ni kubwa, nguvu inayofika kivulini ni 1/(2π²v²) ya ile ambayo ingefika pasipo kizuizi.

Mlinganyo huu haubebi sifa ya sumaku wala ya umeme ya mwamba. Hali ni tofauti kwa wavu wa vyuma uliowekwa juu ya feraiti: humo nafasi kati ya fito hukaribiana na urefu wa wimbi, hivyo usumaku wa kitako hauwezi kupuuzwa. Kwa mlima, umbo ndilo hutawala.

3.0 Mfano wa Ukokotoaji

Tuchukue antena mbili zilizo kwenye mwinuko wa mita 1,400, kila moja ikiwa kilomita 15 kutoka kileleni. H ni mita 3,160.

Kwa megahezi 100, λ ni mita 3 na v ni takribani 30. Upotevu ni desibeli 42. Kwa megahezi 1,800, v ni takribani 126 na upotevu ni desibeli 55. Kwa kuwa v² hukua kwa uwiano wa masafa, wimbi la simu hupoteza nguvu mara 18 zaidi.

4.0 Mjadala na Hitimisho

Mfano huu unauchukua mlima kuwa ncha ya kisu. Mgongo wa mviringo huongeza upotevu. Kinyume chake, njia ya kuelekea Ngarenanyuki hupita mashariki mwa kilele, ambako ukuta wa kaldera umebomoka, hivyo h hupungua.

Kurefusha mnara mmoja kwa mita 50 hupunguza h kwa mita 25 tu, yaani chini ya asilimia 1. Kwa hiyo, mkazi wa kivulini anayehitaji kupiga simu ya dharura hasaidiwi na mnara mrefu zaidi jijini, bali na kituo cha kurudishia mawimbi kilichojengwa mahali panapoonekana kutoka pande zote mbili.