KIOO CHENYE KUSEMA NA MARADHI YAKE

Kioo cha kujitazamia unakijua tangu utotoni. Ukikisogelea kinakurudishia uso wako, ukiondoka basi, hakina habari nawe. Lakini kipo kioo cha aina nyingine. Ukisimama mbele yake kuchana nywele unauona uso wako kama kawaida, na papo hapo, kwa herufi nyeupe, unasoma saa, tarehe, hali ya hewa na siku zilizobaki kabla ya mtihani. Hakuna uganga hapo. Ni fremu ya mbao, skrini kuukuu na tarakilishi ndogo inayoweza kuenea kiganjani, na yeyote aliyeelewa somo la mwanga katika Fizikia anaweza kukiunda hapa hapa Mabanga. Nitaeleza kinavyoundwa, lakini nitakaa zaidi kwenye maradhi yake. Kukiunda ni kazi ya wikendi mbili. Kukiuguza ni kazi ya mwaka.

Aliyekivumisha kioo hiki ni Mholanzi aitwaye Michael Teeuw. Mwaka 2014 alitangaza kioo alichojitengenezea nyumbani, na mwaka 2016 akaiandika upya programu yake na kuiita MagicMirror². Aliitoa bure, kila mtu aichukue, aisome na kuibadilisha. Jambo la maana katika toleo hilo la 2016 ni kwamba kila kazi ya kioo imetengwa katika kipande chake kiitwacho moduli. Saa ni moduli, kalenda ni moduli, hali ya hewa ni moduli, habari nazo vivyo hivyo. Unaongeza unayoitaka na kuitoa usiyoitaka kama mtu apangaye vyombo kabatini. Watu wa nchi mbalimbali wameandika moduli zao, nyingi majina yake yakianza na herufi MMM, na wote wamezitoa bure.

Siri ya kwanza imo katika kioo chenyewe. Umewahi kupita kando ya jengo la ofisi mjini Bungoma au Kitale lenye madirisha ya kung'aa? Mchana ukichungulia huoni walio ndani, unajiona wewe. Usiku taa zikiwashwa ndani mambo hugeuka: wa nje anawaona wa ndani. Kioo cha namna hiyo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga na kupitisha sehemu ndogo, na upande wenye giza ndio unaofichika. Basi nasi tunaweka skrini nyuma ya kioo hicho, tunaifanya nyeusi tititi, na juu ya weusi huo tunaandika kwa weupe. Palipo peusi kioo kinakuwa kioo. Palipo na herufi mwanga unapenya. Kwa hiyo ukiona mstatili wa kijivu umezunguka maandishi, skrini yako haina weusi wa kutosha au mwanga unaingia kwa nyuma. Ziba kila ufa kwa karatasi nyeusi, kisha punguza mwangaza wa skrini.

Kioo halisi cha kazi hii ni ghali. Wengi hutumia plastiki ngumu ya akriliki iliyopakwa hivyo hivyo. Ni nyepesi na haivunjiki ovyo, ila ikiwa nyembamba hupinda na uso wako ukaonekana umevimba shavu moja. Wapo wanaobandika tinti ya madirisha juu ya kioo cha kawaida. Hiyo ni rahisi kuliko zote, lakini vumbi kidogo tu likiingia chini yake utapata malengelenge, na malengelenge hayatoki. Skrini tafuta ya tarakilishi ya mezani iliyotupwa stoo, mradi iwe bapa na iwe na tundu la HDMI. Ikiwa na tundu la zamani la VGA, utahitaji adapta. Tafadhali, usiifungue skrini ya zamani bila fundi wa kukusimamia. Zile zenye taa za mirija ndani yake hubeba mamia ya volti, na hizo si za kuchezewa.

Tarakilishi yenyewe ni Raspberry Pi, ubao mdogo uliobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa Februari 2012. Hapa Kenya, maduka ya vifaa vya elektroniki ya Nairobi ndiyo ya kuulizia kwanza. Programu huwekwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu, sawa na ile ya simu, na mipangilio yote hukaa katika faili moja, config.js. Ndani ya faili hiyo kila moduli ina aya yake inayotaja jina, mahali pa kukaa kwenye kioo na matakwa yake.

Sasa nifike panaponifurahisha mimi kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Kioo hiki kikija kutoka ughaibuni kinasema Kiingereza, na saa yake ni ya Kizungu. Saa mbili asubuhi kinaandika 8:00. Je, kitasoma saa kama sisi? Kitasoma, tena kwa hila ndogo. Moduli ya saa hukubali kuambiwa ifuate majira ya mji wowote duniani. Sisi tuko saa tatu mbele ya majira ya dunia. Mji wa São Paulo, Brazil, uko saa tatu nyuma yake, na tangu mwaka 2019 Brazil imeacha kusogeza saa mbele na nyuma. Tofauti yetu nao ni saa sita kamili! Basi weka moduli ya pili ya saa, uiandikie America/Sao_Paulo, mtindo wa saa 12, bila tarehe. Kengele ya saa mbili ikilia, kioo kitaandika 2:00. Jua likichwa saa kumi na mbili, kitaandika 12:00. Tarehe iache kwa saa ya kwanza iliyowekwa Africa/Nairobi, la sivyo kila usiku wa manane utakuta ni jana. Wala usiyahamishe majira ya tarakilishi nzima, maana salamu na kalenda navyo vitahama, uamkiwe "habari za asubuhi" wakati wa chakula cha mchana.

Salamu hizo nazo zina moduli yake, iitwayo compliments. Kazi yake ni kumsifu anayejitazama, na kuna maneno yake ya Kiingereza ambayo singependa mwalimu wa zamu ayasome akiwa na wageni. Futa yote. Andika yako: methali za asubuhi, vitendawili vya mchana, mafumbo ya jioni. Lebo nyingine za kioo, kama vile "leo" na "kesho", hukaa katika faili za tafsiri, na faili ya Kiswahili unaweza kuiandika mwenyewe. Humo utakutana na jambo la kupendeza. Kiingereza cha siku hizi hakina neno moja la siku inayofuata kesho. Kiholanzi kinalo, na programu kwa kuwa mwenyewe ni Mholanzi ilitenga nafasi ya neno hilo. Sisi tutaijaza kwa "keshokutwa" bila kutafuta. Mtondo ndio bado haujapata kiti.

Haya, maradhi. Kanuni ya tabibu wa kioo ni moja: zima moduli zote, kisha ziwashe moja moja. Huna haja ya kuzifuta. Katika aya ya moduli unaongeza maneno disabled: true, nayo inalala. Ile ambayo ukiiamsha kioo kinaanguka ndiyo yenye ugonjwa. Ukiweka moduli tano mpya siku moja, ugonjwa ukiingia utamshuku nani?

Kioo kikibaki cheusi baada ya wewe kugusa mipangilio, tafuta mkato uliosahauliwa au mabano yasiyofungwa. Alama moja tu inatosha kuangusha faili nzima. Usikodoe macho bure, ipo amri ya kuikagua, npm run config:check, nayo hukuambia mstari wenye kasoro. Moduli ikiandika kwamba inapakia, ikapakia na kupakia hadi usiku, basi data haiifikii: ama intaneti haipo, ama anwani ya kalenda imekosewa, ama huko iliko data pamefungwa. Yapo pia maradhi ya kutoka mbali. Juni 2024 kampuni ya OpenWeather ilifunga huduma yake ya zamani iitwayo One Call 2.5, na vioo vilivyoitegemea vikakosa hali ya hewa bila mtu kuvigusa. Saa ilienda, habari zikaja, mvua tu ndiyo iliyopotea. Mimi ningeshauri Open-Meteo, ambayo haidai ufunguo wa siri. Unaipa latitudo na longitudo, na kwa upande wetu wa Bungoma 0.57 na 34.56 zinatosha. Wakulima Chipukizi watakushukuru msimu wa kupanda.

Lakini adui mkubwa wa kioo huku kwetu ni stima. Kwanza, stima haba. Watu huchomeka chaja ya simu wakidhani chaja ni chaja. Pi 3 inahitaji ampea 2.5 kwa volti 5, Pi 4 ampea 3, na Pi 5 ampea 5. Volti zikishuka chini ya 4.63, alama ndogo ya radi hujitokeza kwenye kona ya skrini, kioo kikaanza kukwama na kujizima bila sababu. Ukiiona radi hiyo usiilaumu programu, badilisha chaja na waya wake pia, maana waya mwembamba hula volti njiani.

Pili, stima inayokatika ghafla. Ikikatika wakati kadi inaandikwa, kadi huweza kuharibika na kioo kisiamke tena. Tengeneza nakala ya kadi siku ile ile kioo kinapokamilika, uifungie kabatini. Aidha, mipangilio ya Raspberry Pi ina njia ya kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa. Iwashe kazi ikiisha.

Tatu, saa kupotea, na hili huwashangaza wengi. Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa yenye betri ndani. Pi 5 ya mwaka 2023 inayo saa, lakini betri yake hununuliwa kando. Stima ikirudi, ubao huuliza saa kwenye intaneti. Intaneti ikiwa imelala, huendelea kuanzia saa iliyokumbukwa mwisho, na kioo kinadanganya kwa uso mkavu. Kikiwa kimezimwa likizo nzima, hata tovuti salama huweza kuikataa tarakilishi hiyo kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana ni vya siku ambazo hazijafika. Dawa ni kipande kidogo cha saa kiitwacho DS3231 chenye betri yake. Katika shule inayofuata kengele, hicho kwangu si cha anasa.

Wengine huongeza sensa ya kutambua mtu ili skrini izimike wakati hakuna anayetazama, na moduli ya kuiongoza ipo. Sensa ya PIR hufuata joto la mwili, na joto hilo halipenyi kioo. Ukiificha nyuma ya kioo itangoja mtu hadi kiama. Itobolee tundu kwenye fremu. Ina viskrubu viwili, kimoja cha umbali na kingine cha muda, vizungushe polepole. Tena usiielekeze dirisha la magharibi, jua la alasiri litakuwa mgeni wake wa kila siku.

Mwisho kuna moduli za kamera zinazotambua sura, ili kioo kimwite kila mtu kwa jina lake. Najua wengi wetu ndiyo tungeitaka kwanza. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na sura ni data. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kioo cha bwenini chenye jicho kingekuwa kibaya zaidi, kwani hapo mtu huja hajavaa hata tai. Kwa hiyo fundi akikuuliza kama atoboe matundu mawili kwenye fremu, mwambie moja tu, la sensa.