Somo la 41: Kioo kinachoshikamana na mfupa

1. Watoto, kioo mnakijua. Chupa ni kioo, na dirisha ni kioo. Chupa ikitupwa mtoni hukaa miaka mingi, wala haiyeyuki. Kipande chake kikiingia mguuni huleta maumivu na usaha. Nani angefikiri kwamba kioo chaweza kuponya? Lakini kuna kioo cha namna nyingine. Waganga hukitia ndani ya mfupa wa mgonjwa. Huko huyeyuka pole pole, na mfupa mpya huota mahali pake.

2. Aliyekitengeneza kwanza ni Larry Hench, mwalimu wa chuo kikuu cha Florida, katika Marekani. Mwaka 1967 alipanda basi kwenda mkutanoni, akaketi karibu na koloneli aliyetoka vita vya Vietnam. Koloneli alimweleza taabu ya askari waliojeruhiwa. Waganga waliwatilia vyuma au plastiki penye mifupa iliyovunjika, lakini mwili ulivikataa, hata wengi wakakatwa miguu na mikono. Akamwuliza: Je, wewe huwezi kutengeneza kitu ambacho mwili utakipokea?

3. Hench aliwaza hivi: Mfupa una kalsi na fosfori. Basi kioo chenye vitu hivyo, labda mwili utakiona kama ndugu. Mwaka 1969 alifanya kioo chake. Katika gramu 100 alitia gramu 45 za silika, ndiyo asili ya mchanga. Gramu 24 na nusu za soda. Gramu 24 na nusu za chokaa. Na gramu 6 za fosfori iliyochanganyika na oksijeni. Vipande vidogo vilitiwa katika mifupa ya panya. Baada ya majuma 6 mganga alitaka kuvitoa, akashindwa. Kioo na mfupa vilikuwa vimeshikamana.

4. Sababu yake ni nini? Kioo hiki kina silika kidogo kuliko kioo cha chupa, kwa hiyo maji ya mwili hukiyeyusha. Soda hutoka kwanza. Halafu kalsi na fosfori hufanya ngozi nyembamba juu ya kioo, ngozi iliyo sawa na madini ya mfupa wenyewe. Mfupa hushika hapo, ukaanza kuota.

5. Sasa sikieni habari ya usaha wa mfupa. Ugonjwa huu huwapata hata watoto. Mikrobi huingia mfupani, pengine kwa njia ya damu, pengine kwa mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Sehemu ya mfupa hufa. Damu haifiki tena katika sehemu iliyokufa, na dawa inayosafiri katika damu haifiki vile vile. Mikrobi hujificha humo kama wezi katika nyumba isiyo na mtu. Tena mikrobi wengine wamekwisha kuzizoea dawa, haziwaui tena.

6. Hapo kioo husaidia. Kwanza mganga hukata mfupa uliokufa na kusafisha usaha wote. Halafu hujaza shimo kwa vipunje vya kioo. Kioo cha namna hiyo kilichotengenezwa Turku, katika nchi ya Finland, hutumika kwa kazi hii. Soda na kalsi zikitoka katika vipunje, maji yaliyo karibu huwa makali kama maji ya majivu, na chumvi yake huzidi. Mikrobi hawawezi kuishi katika maji ya namna hiyo. Hivi kioo hufanya kazi mbili: hufukuza adui, hujenga nyumba upya.

7. Wataalamu huongeza pengine fedha kidogo au shaba kidogo katika kioo. Ndiyo shaba ile ile inayochimbwa Katanga. Kioo kikiyeyuka, madini hayo hutoka pole pole, yakawadhuru mikrobi. Shaba husaidia hata mishipa midogo ya damu kuota. Lakini lazima kupima. Chumvi kidogo huleta utamu katika mboga, chumvi nyingi huiharibu. Vivyo hivyo shaba au fedha ikizidi, huua mikrobi na nyama ya mwili pamoja. Kwa hiyo wataalamu wanaendelea kutafuta kipimo kilicho sawa.

8. Msidhani kwamba kioo cha chupa kilichosagwa ni dawa. La, hicho hukata na kuumiza. Tena kioo cha waganga hakifanyi kazi bila kisu cha kusafisha, na mara nyingi mgonjwa hupewa dawa nyingine pia. Mtoto akiwa na homa, na mguu unamwuma sana na kuvimba, asifichwe nyumbani. Apelekwe kwa mganga upesi, mfupa ungali mzima.

Maulizo
1. Kwa nini kioo cha Hench huyeyuka mwilini, na kioo cha chupa hakiyeyuki?
2. Kwa nini dawa iliyo katika damu haiwapati mikrobi waliojificha katika mfupa uliokufa?
3. Vipunje vya kioo huwaua mikrobi namna gani?
4. Shaba ikizidi katika kioo huleta hasara gani?