Panya buku yuko salama, ua la Usambara bado. Kwa nini?

Majina yanadanganya. Panya buku, yule mkubwa anayebeba chakula mashavuni, si ndugu wa karibu wa panya anayekusumbua jikoni. Panya wa nyumbani yuko familia ya Muridae, buku yuko Nesomyidae. Na lile ua dogo la zambarau la Usambara, dughulushi, ambalo dunia inaliita African violet, wala si violet. Familia yake ni Gesneriaceae.

Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, panya buku yupo daraja la wasiwasi mdogo kabisa. Hachagui maisha: anakula mbegu, matunda, mazao yako, hata konokono. Ndiye huyu anayefundishwa SUA, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Dughulushi je? Linauzwa kwenye vyungu karibu dunia nzima, utadhani halina shida. Kumbe IUCN inaangalia yale ya porini, siyo ya dirishani. Na porini linashikilia miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti. Kata miti, jua lipige mwamba, limekwisha. Aina moja ya Taita, Kenya, inajulikana kutoka msitu wa Mbololo tu.

Hapa ndipo uainishaji unapoleta utata. Zamani maua haya yalihesabiwa kuwa spishi kama 20. Mwaka 2006 yakaunganishwa, zikabaki 6. Mwaka 2015 hata jenasi yenyewe, Saintpaulia, ikaingizwa ndani ya Streptocarpus. Ukiunganisha hivyo, spishi moja inaonekana imeenea eneo kubwa, na kwenye karatasi hatari inapungua. Kule mwambani hakuna mche hata mmoja ulioongezeka.

Buku alipitia kinyume chake. Spishi 2 ziligawanywa kuwa 4, na wa kwetu akaacha kuitwa Cricetomys gambianus, akawa Cricetomys ansorgei. Hakutikisika, maana hata peke yake ameenea kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini.

Maua ya vyungu nayo mengi yametokana na mimea michache tu iliyopelekwa Ujerumani miaka ya 1890. Wakulima wa maua wakitaka sifa mpya, mathalani kuvumilia ugonjwa, pa kuzitafuta ni kwenye miamba hiyohiyo ya Tanga, Morogoro na Taita.