Injini Ikifa Njiani, Nani Alipe?

Hapa Mkiwa, njia ya Itigi iachanapo na barabara kuu ya Dodoma na Singida, twaona gari la kukodi limekufa injini ghafula, na watu wawili wagombana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yasema hivi: aliyelikodi, akilitunza kama mtu mwenye busara atunzavyo mali yake, hadaiwi, ila kama walipatana vingine, tena hasara itokayo na kasoro ya gari ni juu ya mwenyewe, hata kama hakuijua. Wenye magari wengi hushangaa kusikia hayo. Lakini aliyeona mshale wa joto umepanda, akazidi kwenda na rejeta kavu, huyo hakulitunza. Basi fundi na aifungue injini mbele ya wote wawili, wala chuma kilichovunjika kisitupwe, maana mahakama itataka kukiona.