Deni la Njaa, Deni la Faida

Wengi wetu tukisikia habari za kufuta madeni, tunafikiria mikutano ya wakubwa wa dunia na nchi maskini. Jambo lenyewe ni la kale mno. Zaidi ya miaka 3,600 iliyopita, Ammisaduqa, mfalme wa nne wa Babeli baada ya Hammurabi, alitoa amri iliyofuta madeni ya raia wake, na wala hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Enzi hizo shayiri ilikopeshwa kwa riba ya theluthi moja, na fedha kwa moja ya tano. Mkulima aliyekopa chakula huku akingoja mavuno, shamba likimwangusha, aliweza kumtoa mkewe au mwanawe akamtumikie mdai. Sheria za Hammurabi ziliweka ukomo wa utumishi huo kuwa miaka 3, na zikaagiza kwamba mafuriko au ukame ukila mazao, mwaka huo mdaiwa halipi nafaka wala riba.

Mtu atauliza: mfalme akifuta madeni, nani atathubutu kukopesha tena? Jibu limo katika yale ambayo Ammisaduqa hakuyagusa. Mikopo ya biashara, yaani fedha aliyopewa mtu asafiri nayo kutafuta faida, iliendelea kudaiwa. Kilichofutwa ni deni la mtu aliyekopa ili ale. Ndiyo maana ukopeshaji haukufa, ingawa amri za namna hiyo zilirudiwa tawala baada ya tawala. Ni kweli pia kwamba wafalme hawakusukumwa na huruma tupu, kwani mkulima aliyegeuzwa mtumishi wa mdai hakulipa kodi vizuri wala hakupatikana vitani. Kwangu hilo linaipa hoja nguvu zaidi: aliyefuta deni alikuwa akijilinda mwenyewe.

Wakopeshaji nao hawakulala. Baadhi waliandika mkopo kwenye kibao cha udongo kana kwamba ni mauzo au amana, ili amri isiufikie. Ammisaduqa aliijua hila hiyo: mashahidi wakithibitisha udanganyifu, kibao kinavunjwa.

Karne nyingi baadaye, Zanzibar nako mkopo ulivishwa sura ya mauzo. Katika bei ya hiyari, mwenye mikarafuu aliyehitaji fedha "alimuuzia" tajiri shamba lake, akabaki na haki ya kulikomboa. Aliendelea kuchuma karafuu huku akimlipa tajiri kodi ya shamba lililokuwa lake mwenyewe. Katika Uislamu riba ni haramu, lakini kodi si riba, na hati haikuwa na kosa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na bei zilipoporomoka katika miaka ya 1930, mashamba mengi yalikuwa yamefungwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1934 serikali ya Waingereza ilisimamisha ukusanyaji wa madeni hayo na kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wadai.

Hapa mpinzani wa kufuta madeni ana ushahidi mzuri kuliko wa Babeli. Mikopo ilikauka, na serikali ilipozidi kuibana biashara ya karafuu, Wahindi waliigomea mwaka 1937 hadi ikabidi wapatane mwaka uliofuata. Lakini tajiri aliyetoa fedha za kuchumia karafuu mara nyingi ndiye huyo huyo aliyezinunua na kuzisafirisha. Deni la mkulima na mtaji wa biashara vilikaa mfuko mmoja, na serikali ilivishika vyote kwa mpigo. Ammisaduqa alikuwa amevitenganisha.

Ugumu wa kutenganisha haujaisha. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, ikiitwa ada, wala si riba. Aliyekopa kununua unga na aliyekopa kuongeza bidhaa kibandani walikatwa sawasawa, na simu haikuwauliza fedha ni za nini.