Msafiri wa Basra Katika Vichaka vya Tana

Zama zile majahazi ya Basra na Kuwait yaliposhuka na kaskazi yakiwa na shehena ya tende, yakarejea na kusi yamepakia boriti za Lamu, palikuwa na msafiri mwingine aliyekuja msimu huo huo pasi na nahodha. Na leo, majahazi yakiwa yameadimika, yeye bado huja. Ndiye ndege wa matete wa Basra, ambaye wataalamu humwita Acrocephalus griseldis, na uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 20. Hutaga katika vinamasi vya Iraki, na baridi ya huko inapokaribia huondoka, akasafiri usiku, akatufikia Novemba na Disemba, wengine wakipitiliza hadi Malawi na Msumbiji.

Kumwona ni taabu. Tulipokwenda kumtafuta kwenye delta ya Tana, jua likichoma na mbu wakijifanyia karamu, tulisikia sauti yake ya kukwaruza ndani ya kichaka muda mrefu kabla ya kuona hata unyoya. Na alipochomoza ilitubidi kumkagua sana, maana jamaa yake mkubwa atokaye Ulaya hufanana naye mno, isipokuwa huyu wetu ni mdogo, mdomo wake ni mwembamba, mgongo una rangi ya zeituni iliyofifia, na tumbo ni jeupe zaidi. Asiyeuona mdomo vizuri, kwa rai yangu, asiandike kitu daftarini.

Wenye yakini zaidi ni watu wa Ngulia, huko Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969, katika usiku wa giza ukungu ufunikapo kilima, ndege wasafirio hupotewa na njia, wakavutwa na taa za hoteli, wakanaswa kwa nyavu laini, wakavishwa pete zenye nambari na kuachiliwa. Wa Basra miongoni mwao ni haba.

Dhiki yake ilianzia kwao. Baada ya maasi ya 1991, serikali ya Saddam Hussein iliyageuza maji ya mito ya Dijla na Furati kwa mifereji na kingo ili kuwaadhibu wenyeji, hata vinamasi karibu vyote vikakauka. Na ilipoanguka 2003 wananchi wakazibomoa kingo, maji yakarudi, matete yakaota, ingawa si kila mahali, na ukame pamoja na mabwawa ya nchi za juu vingali vikiyapunguza maji hayo.

Ya Iraki hatuyamudu. Lakini wanaopanga mashamba makubwa katika delta ya Tana nawasihi waviache vichaka vya kando ya maji, kwani humo ndimo ndege huyu anamoshinda miezi ya baridi ya kwao.