Kukadiria Ukubwa wa Kapasita ya Akiba

Fundi wa Lubumbashi aliyesomea Kifaransa huiita kondansateri. Vitabu vya fizikia vya Tanzania husema kapasita, nalo ndilo tutakalolitumia hapa. Jina halina shida. Shida ni hesabu.

Umeme wa jiji hili hutoka, pamoja na kwingineko, Mwadingusha kwenye mto Lufira, panapozalishwa tangu mwaka 1930, lakini hukatika mara kwa mara. Tuchukue mfano wa kifaa kinachorekodi joto la jokofu la chanjo katika kituo cha afya. Chanjo nyingi hazina budi kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi. Saa iliyomo katika kifaa ikisimama umeme unapokatika, muuguzi hatajua jokofu lilikaa muda gani bila umeme, wala kama chanjo zitupwe.

Kanuni ni hii: zidisha mkondo (ampea) kwa muda (sekunde), kisha gawa kwa tofauti kati ya volti za mwanzo na volti za chini kabisa ambazo saa bado hutembea. Jibu ni faradi. Wengi hukosea kwa kugawa kwa volti zote za mwanzo. Kapasita si betri: kadiri inavyotoa chaji ndivyo volti zake zinavyoshuka, na chaji inayobaki chini ya kiwango kile haiifai saa kitu.

Tuseme saa hutumia mikroampea 1, na kapasita yenyewe huvujisha 2. Jumla ni 3. Muda tunaoutaka ni siku moja kamili, yaani sekunde 86,400. Chanzo ni volti 5; dayodi inayozuia umeme usirudi nyuma hupunguza 0.3, hivyo tunaanza na 4.7. Saa hukoma chini ya 2. Tofauti ni 2.7, na jibu ni faradi 0.096.

Je, kapasita ya 0.1 itatosha? La. Aina hii huweza kupungua asilimia 20 tangu kiwandani, ibaki 0.08 tu. Gawa 0.096 kwa 0.8, upate 0.12, saizi ya kawaida inayofuata ni 0.22, ya volti 5.5. Ziada hiyo si anasa, kwani kapasita huzeeka, na joto huiharakisha. Isiwekwe kamwe nyuma ya jokofu.

Kapasita tupu huvuta mkondo mkubwa umeme unaporudi. Rezista ya omu 100 huudhibiti, na kapasita hukaribia kujaa kwa takriban dakika 2, jambo lenye faida pale umeme unaporudi kwa robo saa na kukatika tena.